Mandara kwa siku moja: hesabu kuanzia saa ya kugeuka

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ameniuliza hivi:

"Kaka, habari za huko mlimani. Mwezi wa nane tunataka kuja Kilimanjaro kifamilia: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa kiume wa miaka 11, mdogo wangu wa kike na mama yangu mzazi wa miaka 58. Mama anatumia dawa za presha na goti la kulia humsumbua kidogo. Kileleni hatuendi, fedha haitoshi na likizo ni fupi. Tumesikia mtu anaweza kupanda Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Je, tunaweza? Tuondoke saa ngapi, tubebe nini, na mama aje au abaki hotelini? Mtoto yeye anauliza jambo moja tu: ataona theluji?"

Salama, dada yangu. Mnaweza, na mama msimwache hotelini kabla hajajaribu. Ila naomba unisome hadi mwisho, kwa sababu safari hii watu wengi huidharau. Wakisikia "siku moja" wanafikiri ni matembezi ya jioni ya ufukweni. Mandara si kilele, lakini ni mlimani.

Njia yenyewe iko hivi. Mnaanzia Geti la Marangu, mita 1,800 na ushei juu ya usawa wa bahari, mnaishia kwenye vibanda vya Mandara, wanamolala wapandaji, takribani mita 2,700. Ni kama kilomita 8 za kwenda na 8 za kurudi, na karibu safari nzima mko ndani ya msitu. Hakuna pa kukwea kwa mikono wala pa kuchungulia korongo moyo ukakudunda. Ni njia iliyotengenezwa vizuri, kuna sehemu zenye ngazi za magogo na sehemu nyingi zenye mizizi. Vijana wenye haraka hupanda kwa saa tatu. Kundi lenu, lenye mtoto na mama mwenye goti, nalipigia saa nne. Kushuka nalipigia saa mbili na nusu. Mkila chakula huko juu na kufika kreta ya Maundi, ambayo iko kama robo saa kutoka vibandani, siku nzima ya miguu ni saa saba hadi nane. Ndiyo maana tunaiita safari ya wastani: ufundi haihitaji, pumzi na subira inahitaji sana.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningekuambia hata kama tungekuwa na dakika mbili tu za kuzungumza. Ratiba ya mlima haipangwi kuanzia asubuhi. Inapangwa kuanzia jioni, kurudi nyuma.

Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu. Ndani ya msitu giza hutangulia. Saa kumi na mbili tu mizizi haionekani tena vizuri. Mimi nataka kundi lenu liwe getini saa kumi na moja na nusu, hata kama mambo yatakwenda vibaya. Toa saa mbili na nusu za kushuka, toa na saa moja ya akiba kwa ajili ya goti la mama, mvua au kiatu kilichogoma. Unapata saa nane mchana. Hiyo ndiyo saa ya kugeuka. Ikifika saa nane kamili mnageuka, mkiwa Maundi, mkiwa vibandani, au mkiwa bado njiani mnaona mapaa ya Mandara kwa mbali kati ya miti.

Ukishaishika saa nane, mengine yanajipanga yenyewe. Ili mwondoke Mandara saa nane mkiwa mmeshakula na mmeshafika Maundi, inabidi mfike vibandani saa sita na nusu. Ili mfike saa sita na nusu, mguu wa kwanza uingie njiani saa mbili na nusu asubuhi. Kuandikishwa getini hakukosi nusu saa, na siku zenye wageni wengi ni zaidi, kwa hiyo mwe mmeshuka kwenye gari saa mbili kasoro robo. Mkilala Moshi mjini, hapo itabidi mwamke usiku, mpitie Himo na kupandisha hadi Marangu, mwendo wa saa nzima na zaidi, mtoto akiwa bado na usingizi. Mkilala Marangu, mnaamka saa kumi na mbili, mnakunywa chai mkiwa mmetulia, na getini mnafika mara moja. Kwa hiyo laleni Marangu, tena ikiwezekana siku mbili kabla. Kutoka Dar kwa basi ni siku nzima ya kukaa, na miguu iliyovimba kwa safari haifai kupandishwa mlima kesho yake.

Saa ya kugeuka kubalianeni jioni ya kuamkia safari, wote mkiwa mmekaa pamoja, na mwongozaji awepo kama inawezekana. Naisisitiza kwa sababu niliwahi kuivunja. Miaka yangu ya mwanzo niliongoza wafanyakazi tisa wa ofisi moja. Saa nane ilitukuta bado tuna mwendo wa zaidi ya nusu saa. Wawili kati yao walikuwa na nguvu, wakasema, "Bwana, tumetoka mbali, dakika thelathini tu." Nilikubali. Tulifika Mandara saa tisa na robo, tukapiga picha, tukaondoka karibu saa kumi. Mvua ikatukuta katikati ya msitu, kisha giza. Tulikuwa na tochi moja, yangu, na simu zilizobaki na chaji kidogo. Dada mmoja soli ya kiatu ilibanduka, akawa anashuka kwa kukaa, gogo hadi gogo, huku analia kimya kimya. Tulifika getini saa mbili usiku. Hakuna aliyevunjika, lakini tangu siku ile saa ya kugeuka siijadili tena na mtu tukiwa juu. Huko juu anayeamua huwa ni mwenye nguvu kuliko wote, na anayelipa huwa ni mwenye miguu mibovu.

Mama sasa. Wiki mbili au tatu kabla ya safari aende kwa daktari wake, amweleze waziwazi: natembea saa saba, napanda hadi mita 2,700. Presha iliyodhibitiwa vizuri kwa kawaida haimzuii mtu kutembea, lakini mwenye kusema ndiyo au hapana ni daktari aliyempima, si mimi wala mume wako. Amuulize pia kama dawa zake ni za aina inayoongeza haja ndogo, maana hizo zikichanganyika na jasho huleta ukavu wa mwili upesi. Siku ya safari asiache dawa kwa kuogopa kujisaidia porini. Nimeshaona akina mama wakifanya hivyo kwa aibu, wakaanza kuumwa kichwa kabla hata ya nusu ya njia. Msitu una vichaka vya kutosha, na mwongozaji mwenye adabu atatangulia hatua thelathini bila kuambiwa.

Kuhusu hewa: kila pumzi mtakayovuta Mandara ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko pumzi ya Tabata. Ninyi wote mtahema, hata mtoto. Ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua watu kuanzia karibu mita 2,500, na mara nyingi hujitokeza baada ya saa kadhaa, hasa kwa anayelala juu. Ninyi mtakaa pale muda mfupi na kulala chini, kwa hiyo hatari ni ndogo. Lakini si sifuri. Kichwa kikiuma kidogo, mtu anywe maji, apumzike, apunguze mwendo. Kichwa kikizidi, au mtu akitapika, au akianza kuyumba kama amelewa, hakuna cha kusubiri, ashuke. Na mama akisikia kifua kinabana au maumivu yanaingia begani, safari imekwisha hapohapo, hata kama ni mita mia kutoka getini.

Utatusikia tunasema "pole pole" kila dakika. Wageni wanadhani ni salamu tu ya mlimani. Ni kipimo. Mwambie mama atembee huku anakusimulia kitu, habari ya harusi au ya jirani, chochote. Akiweza kumaliza sentensi bila kukata katikati ili avute hewa, mwendo ni sahihi. Akianza kukata maneno, punguzeni. Yeye awe mbele, nyuma tu ya mwongozaji, na kundi lote lifuate mwendo wake. Mkimweka nyuma atakuwa anawakimbilia siku nzima: kila mkisimama kumsubiri, ninyi mnapumzika, yeye akifika mnaanza tena kutembea. Hivyo ndivyo kundi linavyomchosha mtu wake bila kujua.

Goti halitalia wakati wa kupanda. Litalia wakati wa kushuka, kwa sababu hapo ndipo paja linafanya kazi ya breki kwa kilomita nane mfululizo. Mtafutieni fimbo mbili za kutembelea. Moshi na Marangu zinakodishwa, na hata mti mnyoofu wa urefu wa kiunoni si mbaya. Nikuonyeshe namna ya kushuka ngazi moja ya gogo, mama aifanye polepole nyumbani kwenye ngazi za nyumba hadi mwili uzoee. Asimame ukingoni, fimbo zote mbili azitangulize chini na kuziegemea. Kisha mguu wenye goti baya, yaani wa kulia, ndio ushuke kwanza, ukanyage kwa wayo mzima, goti likiwa limekunjwa kidogo, lisinyooke kama mti. Mguu ulio mzima, yaani wa kushoto usiouma, ndio unaobaki juu kushikilia uzito hadi wa kwanza utulie. Halafu mzima unafuata. Wakati wa kupanda ni kinyume, mzima unatangulia. Hatua ziwe fupi kuliko anavyotaka, na kwenye ngazi ndefu ashuke kiubavu. Ni mwendo wa kinyonga, lakini jioni atatembea mwenyewe hadi kwenye gari.

Mna muda wa kujiandaa, utumieni. Dar haina milima, lakini ina ngazi. Ukipata jengo la ghorofa sita au saba, pandeni na kushuka mara tatu, siku tatu kwa wiki, muda wa wiki sita. Kushuka msitumie lifti, maana kushuka ndiko mnakofanyia mazoezi. Jumamosi moja moja nendeni vilima vya Pugu mkatembee saa tatu au nne mkiwa na viatu vilevile na mabegi yaleyale ya safari. Viatu vipya vinavyovaliwa mara ya kwanza getini ndivyo vinavyoharibu safari kuliko mvua. Viwe na nafasi ya kidole gumba mbele, kwa sababu wakati wa kushuka mguu husogea mbele, na kucha ndefu huishia kuwa nyeusi. Kateni kucha siku mbili kabla. Buti si lazima kwa Mandara. Raba yenye meno mazuri chini inatosha kipindi cha kiangazi. Raba iliyokwisha meno ni hatari, maana mizizi yenye unyevu huteleza kama sabuni.

Mwezi wa nane mmechagua vizuri. Masika ya Machi hadi Mei imepita na vuli ya Novemba bado. Lakini msidanganyike na neno kiangazi. Upande huu wa kusini mashariki ndio unaopokea mvua nyingi, na ukanda wa msitu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hata Agosti mnaweza kukutana na manyunyu na ukungu unaodondoka kwenye majani kama mvua ya kweli. Tena ni miezi ya baridi. Joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi kila mnapopanda mita 100, na kutoka Moshi mjini hadi Mandara kuna mita 1,800 hivi. Hesabu mwenyewe: Mandara ni baridi kuliko Moshi kwa nyuzi kumi au zaidi. Mkisimama kula mkiwa na jasho, ndani ya dakika kumi mtoto anatetemeka.

Kwa hiyo suruali za jinzi ziacheni. Jinzi ikilowa haikauki, inakuwa nzito, na inamnyang'anya mtu joto. Fulana za pamba zina tabia hiyohiyo. Vaeni nguo za michezo zinazokauka upesi, na juu yake sweta la manyoya mepesi, na juu kabisa koti la mvua la kweli. Huna haja ya kununua vipya. Moshi kuna soko la mitumba la Memorial, na kwa kuwa mji wote unaishi na mlima, pale utapata makoti na masweta ya mlimani ambayo Dar ungelipia mara kadhaa. Fikeni asubuhi, kagueni zipu na mishono, na lile koti mmwagie maji kidogo mgongoni mbele ya muuzaji: yakitiririka ni zuri, yakizama liacheni. Kila mtu awe na fulana moja kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, ya kubadili mkifika Mandara. Fulana hiyo kavu ni kitu kidogo, lakini sijui kitu kingine kinachobadilisha uso wa mtu aliyechoka upesi namna ile. Ongezeni kofia ya baridi, soksi za akiba, tochi ya kichwani moja kwa kila watu wawili, filimbi kwa mtoto, na plasta za malengelenge. Mahali panapowasha mguuni bandikeni plasta hapohapo, msisubiri pawe lengelenge.

Chakula hakina ufundi. Maji lita mbili kwa kila mtu mzima, lita moja na nusu kwa mtoto, kwenye chupa za kujaza tena. Mayai ya kuchemsha, chapati, viazi, ndizi mbivu, karanga zenye chumvi. Mtoto apewe kitu kidogo kila baada ya dakika arobaini hivi, maana watoto hawasemi wana njaa, wanasema wamechoka. Chai ya tangawizi kwenye chupa, kwa mama, mtanishukuru. Mifuko ya plastiki mnajua imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungeni vyakula kwenye makopo, na mabaki yote, hata maganda ya mayai, yashuke nanyi. Kima wa Mandara wameshazoea watu na watawajia karibu kabisa. Msiwape chochote. Kima aliyeonja chapati huanza kunyang'anya, na mwisho wake huwa mbaya kwake kuliko kwa mwenye chapati.

Kuhusu kibali: hii ni Hifadhi ya Taifa, chini ya TANAPA, na hamruhusiwi kuingia bila mwongozaji aliyesajiliwa. Ada hailipwi kwa fedha taslimu mkononi. Hulipwa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na Mtanzania ana kiwango chake, kilicho chini sana kuliko cha mgeni. Njooni na vitambulisho vya NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nimeona familia imefika getini na vitambulisho viko hotelini, wakapoteza saa nzima ya asubuhi, na unakumbuka tulivyohesabu: saa ya asubuhi ndiyo Maundi yenu. Viwango hubadilika, viangalieni kwa TANAPA wenyewe wiki ya kuja. Anayewapangia safari mwambieni aandike mchanganuo: ada ya hifadhi ni kiasi gani, mwongozaji analipwa kiasi gani, usafiri na chakula kiasi gani. Bei ikiwa ya kushangaza kwa urahisi, mara nyingi iliyokatwa ni ya mwongozaji. Kwa watu watano wa umri tofauti ombeni waongozaji wawili. Hapo ndipo ningetumia fedha kabla ya hoteli nzuri, kwa sababu mama akitaka kugeuka saa tano, anageuka na mtu wake, na ninyi wengine mnaendelea bila mtu kujiona amewaharibia wenzake. Mwambieni hilo mapema. Mtu akijua kugeuka kwake hakuvunji safari, anatembea kwa amani, na mara nyingi ndiye anayefika.

Nimesema mengi ya tahadhari, sasa nikuambie kwa nini uje. Wapandao kileleni hupita msitu huu wakiwa na haraka ya siku tano au sita mbele yao. Ninyi msitu ndio safari yenu. Hapo getini mwonyesheni mtoto kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwezi Oktoba 1889, halafu mwambieni na jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye huku kwetu ndiye anayekumbukwa kwa kuwaongoza wageni wale. Na Mandara ni jina la Mangi, yaani chifu, Rindi Mandara wa Moshi, aliyetawala enzi hizohizo.

Mkishaingia, tazameni chini kabla ya kutazama juu. Kando ya njia, penye unyevu, kuna ua dogo la urefu wa ncha ya kidole, jekundu lenye njano, limejikunja nyuma kama mkonga wa tembo. Kitaalamu linaitwa Impatiens kilimanjari, na duniani kote halioti porini mahali pengine isipokuwa mlima huu. Mtoto aliinamie, alihesabu, asilichume. Mtaona pia mmea wenye majani marefu membamba uliosimama kama fimbo yenye shada juu. Ni wa jamii ya isale, jani la amani la Wachaga. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hata kama ana hasira kiasi gani, anapaswa kukusikiliza. Wazee wanalitumia hadi leo, na kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachaga, mtaliona limepandwa mstari.

Juu, tegeni sikio. Mlio mzito wa kukoroma, kama pikipiki inayokataa kuwaka, ni mbega. Simameni kimya dakika mbili, mtaona mkia mweupe mrefu unaning'inia kati ya majani, halafu mwenye mkia anaruka kutoka mti hadi mti na yale manyoya meupe ya ubavuni yanafunguka kama kanga iliyotupwa hewani. Ndege shorobo naye hujificha vizuri kwa rangi yake ya kijani, hadi anaporuka; hapo mabawa yanafunguka mekundu kabisa, kisha amekwisha potea. Kadiri mnavyopanda miti inazidi kufunikwa na nyuzi za kijani-kijivu zinazoning'inia kama ndevu, na karibu na Mandara miti mikubwa inaanza kupungua, mnaingia kwenye miti ya majani membamba kama sindano. Maundi ni shimo la volkano la zamani lililojaa nyasi na maua. Ukizunguka ukingo wake siku isiyo na mawingu unaona tambarare za upande wa Taveta, Kenya, Ziwa Jipe, milima ya Upare, na ukigeuka nyuma, Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro.

Ndiyo nifike kwa swali la mtoto, ambalo kwangu ndilo gumu. Theluji iko Kibo, kilele kikuu, na mchana Kibo hujificha. Jua likipata nguvu, hewa yenye unyevu hupanda kutoka mashambani na msituni, ikifika juu inapoa na kuwa wingu, na mara nyingi saa nne asubuhi mlima umeshafunikwa. Kutoka Maundi anaweza kuiona Kibo ikichungulia kando ya Mawenzi, wingu likikubali kufunguka, lakini simwahidi. Msimwahidi nanyi. Na mwambieni ukweli kwamba barafu aliyoiona kwenye picha za zamani imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, asije akadhani amedanganywa.

Nafasi yake nzuri haiko juu kabisa. Iko Marangu, kabla ya chai. Mkishafika, jioni muulizeni mwenyeji wenu ni wapi hapo jirani mlima unaonekana vizuri, maana migomba huziba. Mara nyingi ni hatua chache hadi kwenye kona ya barabara. Asubuhi mwamsheni saa kumi na mbili kamili. Avae sweta juu ya nguo za kulalia, atoke na baba yake. Wakati huo bonde lote bado ni kivuli, moshi wa jikoni unapanda kwenye migomba, na jua linagusa Kibo kabla ya kumgusa mtu yeyote huku chini. Ile barafu iliyobaki huwa ya waridi kwa muda mfupi, kisha njano, kisha nyeupe. Kama mmelala Marangu siku mbili kama nilivyoshauri, ana asubuhi mbili za kujaribu.